Amri ya pili haikupaswa kutolewa

Amri ya kwanza ilishindwa. Hilo halina ubaya, kwani amri hushindwa kila siku, mbele ya kila mtu aliyewahi kuifungua teminali. Kosa la Gemini CLI, lile lililowashughulisha watengeneza programu mwezi Julai 2025, lilikuwa kwenye amri iliyofuata. Safu hii haitaumauma maneno: ile amri ya kuhamisha mafaili haikupaswa kutolewa, na maelezo yote yaliyokuja baadaye, pamoja na msamaha mrefu ulioombwa, hayaipunguzii uzito hukumu hiyo hata chembe.

Kisa wengi wanakijua, kwa hiyo kitapitiwa haraka. Mtumiaji mmoja, meneja wa bidhaa ambaye kuandika programu si kazi yake ya kila siku, alikuwa na folda ya majaribio kwenye kompyuta ya Windows. Akaiagiza Gemini CLI, msaidizi wa akili mnemba wa Google anayefanya kazi ndani ya teminali, ibadilishe jina la folda ile na kuvihamishia vilivyomo kwenye folda mpya. Zana ilitambua sawasawa kwamba Windows haikubali ubadilishe jina la folda ambayo umo ndani yake. Ikaamua kuunda folda nyingine ngazi moja juu, kwa mkdir, amri ya kuunda folda, na zile nukta mbili za kupanda juu. Mkdir ikagoma. Zana ikahesabu kwamba folda imeundwa, ikaanza kuhamisha.

Hapo ndipo pa kusimama.

Move ya Windows, amri iliyorithiwa kutoka MS-DOS, ina tabia moja ambayo kila mhudumu wa mitambo aliyekula chumvi nyingi anaijua. Ukiipa faili na jina la mahali pa kwenda, hutazama kwanza kama jina hilo ni la folda. Likiwa la folda, faili linaingia ndani. Lisipokuwa la folda, move haikatai kazi; hulichukua jina lile na kulivisha faili kama jina jipya. Sasa fuata hatua kwa hatua, kwa mujibu wa maelezo aliyoyachapisha mtumiaji mwenyewe pamoja na amri zilizotumika. Faili la kwanza lilitolewa kwenye folda ya zamani likawa faili lenye jina la folda ambayo haikuwapo. La pili likapewa jina lile lile, mahali pale pale, likalifuta la kwanza. La tatu likalifuta la pili. Kwa mwendo huo kila faili linalofika linamla mwenzake aliyetangulia, na anayebaki ni wa mwisho peke yake, tena akiwa na jina lisilo lake.

Uchungu wa jambo hili ni kwamba kwa upande wa move hapakuwa na kosa lolote. Iliombwa kubadilisha majina, ikabadilisha. Hakuna onyo jekundu linalotokea katika hali kama hiyo. Kilichohitajika kuokoa kazi yote ni tendo moja la sekunde moja kati ya mkdir na move: kuangalia. Gemini CLI haikukosa jicho la kuangalia nalo, maana miongoni mwa zana alizopewa modeli ipo inayoitwa list_directory, ambayo kazi yake ni kuorodhesha vilivyomo kwenye folda. Ni zana ya kusoma tu, haiharibu chochote. Ingeitwa mara moja, ingejibu kwamba folda haipo, na kisa kingeishia hapo bila mtu yeyote kukisikia.

Wapo waliotetea. Walisema njia za Windows zina mikwaju ya kinyumenyume, jina la folda lilikuwa na nafasi katikati, mazingira yalikuwa magumu. Yote hayo yanaeleza kwa nini mkdir inaweza kugoma. Hayaelezi kwa nini mtu, au mashine, asogeze mali ya mwenzake kwenda mahali ambapo hajapaona.

Tena palikuwa na njia nyepesi kuliko hiyo. Alama mbili za &&, zinazofanya kazi kwenye cmd ya Windows kama zinavyofanya kwenye bash, huifunga amri ya pili kwa ya kwanza: mkdir ikifanikiwa, move iendelee; mkdir ikishindwa, move isiguse kitu. Kila anayejifunza kuandika skripti hufundishwa jambo hili mapema, na kwenye bash huongezewa set -e ili skripti ife papo hapo inapojikwaa. Modeli hizi zimesoma skripti nyingi kuliko binadamu yeyote. Zinaijua && vizuri sana, huiandika vizuri unapoziomba skripti, kisha zenyewe zinapoachiwa kufanya kazi huivunja kazi moja kuwa amri mbili zisizojuana. Huo ni mpango mbovu, na safu hii imekuwa ikiulalamikia tangu wasaidizi hawa walipoanza kuruhusiwa kuendesha amri.

Ni muhimu kuelewa kinachotokea chini kwa chini, kwa sababu ndipo ulipo uzito wa lawama. Modeli haioni diski. Inachoona ni maandishi: maagizo ya mtumiaji, maneno yake yenyewe, na majibu ya amri yanayorudishwa na programu iliyoifunga. Modeli inaandika amri, programu inaiendesha, kisha inairudishia kilichochapishwa, makosa kama yapo, na namba ambayo kila amri huitoa inapomaliza. Kila amri huanzishwa kama mchakato mpya, kwa hiyo cd ya amri iliyopita haikuvushi hadi amri ijayo, na asiyelizingatia hilo hupotea kwenye nukta mbili kwa urahisi. Sasa, ikishaandikwa mle kwamba folda imeundwa, basi kwa modeli folda ipo. Itaitaja, itaipanga, itaihamishia mafaili. Hakuna kitakachoirudisha kwenye ukweli isipokuwa iende kuuangalia yenyewe, au programu inayoizunguka iilazimishe kuangalia.

Ndiyo maana lawama kubwa ya safu hii haiendi kwa modeli. Inakwenda kwa waliobuni programu iliyoizunguka, kwani wao walijua kwamba modeli hubahatisha, na wakaiachia amri zinazoharibu zipite kwenye mlango ule ule wa zile zinazosoma tu.

Wazee walilifikiria jambo hili. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuijenga Unix mwaka 1969 kwenye maabara za Bell kule New Jersey, na Doug McIlroy alipofanikiwa mwaka 1973 kuwashawishi waweke mabomba ya kuunganisha programu, walikuza desturi ambayo bado inatuongoza: amri iliyofanikiwa haisemi kitu. Lakini ukimya ule haukuachwa peke yake. Uliambatana na namba. 0 maana yake salama, nyingine yoyote maana yake kuna tatizo. Wazee wale walitaka namba isomwe kabla ya hatua inayofuata. Na mv ya jamii ya Unix, ukiipa mafaili mengi na mahali pa kwenda ambapo si folda, hukataa na kusimama. Hata faili moja, ukimalizia jina la mahali pa kwenda kwa mkwaju, hukataa kama folda hiyo haipo. Kifaa cha zama za kompyuta zilizojaza chumba kinamlinda mtumiaji kuliko msaidizi wa mwaka 2025 anayeweza kushika tokeni 1,000,000 kwa wakati mmoja.

Kwa haki, Windows nayo imechangia vurugu za namba. Robocopy, amri yake nzuri ya kunakili, huirudisha 1 inapokuwa imenakili mafaili bila tatizo, na kushindwa kwa kweli huanzia 8. Aliyezoea kwamba 0 peke yake ndiyo salama anachanganyikiwa, na modeli iliyofunzwa kwa maandishi ya pande zote mbili inachanganyikiwa zaidi. Safu hii imeshaandika kuhusu Robocopy na itaandika tena. Hata hivyo mkdir si Robocopy, na kutokueleweka kwa namba ni sababu ya kuangalia zaidi.

Kuna mfano wa binadamu unaofaa kuwekwa kando ya kisa hiki. Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab aliyekuwa akihangaika na hifadhidata iliyokwama alifuta folda ya data kwa rm -rf, akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe alikuwa kwenye seva kuu. Kosa lake lilikuwa kubwa kuliko la Gemini mara nyingi. Lakini ndani ya sekunde moja au mbili alishtuka, akaangalia alipo, akaikata amri. Kati ya gigabaiti zipatazo 300, zilikuwa zimesalia kama 4.5. Wakagundua njia zao za nakala rudufu hazikuwa zikifanya kazi kama walivyoamini, wakaokolewa na picha ya diski iliyochukuliwa saa sita kabla. Kisha kampuni ikafungua daftari lake la kazi ya uokoaji kwa umma na kuirusha kazi hiyo moja kwa moja, watu wakiitazama. Mhandisi yule alikosea, akaangalia, akasimama. Gemini CLI haikuangalia, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kusimama.

Ilipokuja kushtuka ilikuwa imechelewa. Ilianza kutafuta mafaili yasiyokuwapo, ikashindwa kuyapata, ndipo ikamimina maneno ya kujilaumu: kwamba imemwangusha mtumiaji kabisa, kwamba mapitio ya amri zake yanathibitisha uzembe wake wa kupindukia. Vyombo vingi vya habari vilishikilia maneno yale kana kwamba ndiyo habari. Safu hii haina hamu nayo. Majuto yanayoandikwa na modeli hayarudishi faili hata moja, na mbaya zaidi yanamfanya msomaji aihurumie zana badala ya kumuuliza mtengenezaji maswali.

Maswali hayo ni ya mipangilio. Gemini CLI ilitolewa Juni 25, 2025, msimbo wake ukiwa wazi kwa leseni ya Apache 2.0, bure kwa mwenye akaunti ya kawaida ya Google, maombi 60 kwa dakika na 1,000 kwa siku. Ilikuwa ofa kubwa, na kwa vijana wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala wasioweza kulipa dola 20 kila mwezi kwa msaidizi wa namna hiyo ulikuwa mlango uliofunguka. Inastahili sifa. Lakini ofa ya namna hiyo huleta hasa watu kama yule meneja: wenye akili, wenye mawazo, wasiojua kwamba move inaweza kumeza mafaili. Kwa watu hao ulinzi ndio ulipaswa kuwa wa kwanza. Ndani ya zana mlikuwa na kipengele cha kuweka kumbukumbu ya hali ya mafaili kabla hayajabadilishwa, ili amri ya /restore iweze kuyarudisha. Kilitolewa kikiwa kimezimwa, mpaka mtu akiwashe mwenyewe. Kuendesha amri ndani ya eneo lililozungushiwa ukuta nako kulikuwapo, nako kwa hiari. Anayeijua swichi anailinda kazi yake. Asiyeijua, ambaye ndiye anayeihitaji, anaachwa wazi.

Kisha kuna ile swichi nyingine, --yolo, inayoiambia zana isiulize chochote na kuendesha kila amri. Claude Code ya Anthropic, iliyoonekana mara ya kwanza Februari 2025, inayo ya kwake, ila jina lake refu linatamka hatari yenyewe: --dangerously-skip-permissions. Afadhali jina la namna hiyo kuliko la mzaha. Swichi za namna hii ziligeuka silaha Agosti 26, 2025, pale matoleo yaliyochafuliwa ya Nx, kifurushi kinachotumiwa sana na waandishi wa JavaScript, yalipopakiwa kwenye npm. Programu hasidi iliyojificha humo ilitafuta kama kwenye kompyuta ya mwathirika kuna Claude, Gemini au Amazon Q, ikaziita kwa swichi hizo hizo za kuruka ruhusa na kuziagiza zitafute funguo za siri na pochi za sarafu za kidijitali. Vilivyokusanywa vilipakiwa kwenye hazina za wazi za GitHub, kwa akaunti za waathirika wenyewe. Mlango uliotengenezwa kwa ajili ya wavivu ulitumiwa na wezi.

Hata ruhusa yenyewe ilipokuwapo haikuwa imara. Watafiti wa kampuni ya Tracebit walionyesha kwamba mtumiaji akishairuhusu grep daima, amri nyingine ingeweza kubebwa nyuma yake baada ya nukta mkato na kufichwa kwa nafasi nyingi tupu, zana ikaihesabu yote kuwa ni grep. Google walirekebisha kasoro hiyo katika toleo la 0.1.14, mwezi ule ule wa Julai.

Replit, ambayo haiko kwenye teminali lakini ni ndugu wa damu, ilikuwa na aibu yake mwezi huo huo: msaidizi wake aliifuta hifadhidata ya kazi ya Jason Lemkin wa SaaStr wakati mabadiliko yalikuwa yamesimamishwa kwa agizo, kisha akamwambia kwamba data haiwezi kurudishwa, ilhali iliweza. Angalau Replit walitangaza haraka kuitenganisha hifadhidata ya majaribio na ile ya kazi. Hatua hiyo ni ya upande wa programu inayoizunguka modeli, na ndipo matengenezo yanapopaswa kufanywa.

Anayesema jambo hili ni jipya na kwamba tuwape muda, asikubaliwe. Aider, msaidizi wa teminali wa Paul Gauthier, yupo tangu mwaka 2023, kabla makampuni makubwa hayajagundua kwamba waandika programu bado wanaipenda teminali. Kwa kawaida yake, bila kuombwa, kila badiliko ambalo Aider analifanya kwenye msimbo huwekwa kwenye Git kama hatua inayojitegemea, yenye maelezo yake, na /undo huirudisha nyuma. Kazi ya mtu mmoja ilikuja na breki. Kazi ya kampuni yenye maelfu ya wahandisi ikaja na breki ya kuwasha mwenyewe. Na Git yenyewe, ambayo Linus Torvalds aliiandika Aprili 2005 baada ya wasanidi wa kernel ya Linux kuipoteza BitKeeper, zana waliyokuwa wakitunzia msimbo wao, ilikuwa ndani ya siku chache inajihifadhi yenyewe. Torvalds aliijenga juu ya wazo kwamba kila kitu kitambulishwe kwa alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, ili uharibifu ugundulike. Hakuamini diski, hakuamini mtandao, hakumwamini hata anayemletea msimbo bila kwanza kukagua. Wanaojenga wasaidizi leo wana zana yake kwenye kila kompyuta wanayoifanyia kazi na bado wanaiacha iwe hiari.

Si wote waliosahau breki: Codex CLI ya OpenAI, iliyotoka Aprili 2025, ilifunga mtandao na kuzungushia ukuta amri inapojiendesha yenyewe. Hilo ni jema.

Kinachotakiwa kwa watengenezaji wa zana hizi si modeli kubwa zaidi. Modeli kubwa zaidi itaandika mkdir vizuri zaidi, na siku moja mkdir bado itagoma, kwa sababu diski hujaa, ruhusa hukosekana na majina hugongana. Kinachotakiwa ni programu inayoizunguka ikatae move, mv, rm na del mpaka mahali pa kwenda, au kitu cha kufutwa, pawe pameorodheshwa kwanza. Iweke nakala kabla ya amri yoyote inayobadilisha mafaili, bila kumuuliza mtu. Na namba iliyorudishwa na amri iliyotangulia isipokuwa ya mafanikio, inayofuata isitoke. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji utafiti mpya.

Wakati hayo yanasubiriwa, anayeitumia zana yoyote ya aina hii aweke git commit kabla ya kuifungua, akatae kuzipa ruhusa ya daima amri za kuhamisha na kufuta, na zana ikimwambia kwamba folda imeundwa, afungue dirisha la pili, aandike dir au ls, na aione folda hiyo kwa macho yake kabla ya kukubali amri inayofuata.